Neno "Unanichoma" katika Maisha ya Otilia Kipeta

Marehemu Otilia Kipeta alizaliwa tarehe 14 Machi 1966 kijijini Msanzi, mtoto wa tatu wa Mzee Kalisti na Mama Albina, wakulima wa mahindi na ulezi. Alibatizwa siku ya pili tu, maana alikuwa mdogo mno na mama yake hakutaka kubahatisha.

Baada ya shule alisomea uuguzi, akahitimu mwaka 1989. Mwaka 1999 alirudi darasani kusomea dawa za usingizi, akawa ndiye anayewalaza wagonjwa usingizi kabla ya upasuaji hapa Sumbawanga.

Tarehe 8 Julai 1995 alifunga ndoa na Mwalimu Urbano. Mungu aliwajalia watoto wawili.

Sasa, ndugu waombolezaji, lipo jambo ambalo marehemu aliagiza lisifichwe.

Juni 2013 alimlaza Silvana, mkulima wa mpunga kutoka Mtowisa, apasuliwe tumbo. Watu wa bondeni wakipanda huku kwenye baridi, mishipa yao hujificha. Otilia akapata kamshipa kembamba mgongoni mwa kiganja, akasukuma ile dawa nyeupe ya usingizi.

"Sista, unanichoma!"

"Nimeshachoma, mama. Sindano imeshaingia, tulia."

"Siyo sindano! Mkono unaungua!" Usingizi ukamchukua, na wenzake Otilia wakacheka.

Siku ya sita utumbo wa Silvana ulijifunga, ikabidi apasuliwe tena. Alipoambiwa, alitoroka wodini. Alifia nyumbani. Otilia alikwenda msibani, akakaa na wafiwa. Mume wa Silvana, Mzee Modesti, alimwambia: "Alisema ni heri afe kuliko kutiwa moto mkononi mara ya pili." Otilia hakusema kwamba mkono ule aliushika yeye.

Tangu hapo alitafuta mshipa mnene wa kwenye kiwiko. Alifunga mkono kwa mpira, akaingiza dawa ya ganzi kidogo ili mshipa usiungue, akangoja dakika nzima, akafungua, ndipo akaingiza dawa ya usingizi. Daktari Eustace, mpasuaji, alikuwa akimtania: "Sista, tunakungoja wewe au mgonjwa?" Naye alikuwa akijibu: "Ungojeni mkono, daktari. Wewe una haraka ya chai." Wauguzi wengi mkoani walijifunza kwake.

Mwaka 2023 aligundulika kuwa na saratani ya ini. Alitaka kushuka Mtowisa akaseme mwenyewe, lakini hakuiweza tena ile barabara. Februari mwaka huu alimtuma mdogo wake, Mathias. Mzee Modesti alisikiliza mpaka mwisho, akasema: "Miaka kumi na miwili! Alikula ugali wangu akanyamaza. Mwambie nimesikia. Kusamehe, bado."

Mathias alimfikishia neno hilo kama lilivyo. Marehemu alijibu, "Ana haki," akaomba lisomwe hivyo hivyo.

Alifariki Alhamisi tarehe 6 Machi 2025, akibakiza siku nane kutimiza miaka 59.

Ameacha mume, Mwalimu Urbano, watoto, Angela na Abel, wajukuu watatu, na mdogo wake, Mathias.

Mzee Modesti hakutuma salamu. Familia haimlaumu.

Mungu amhurumie Otilia, na Silvana aliyemtangulia.