Barua ya Paskazia Iliyokaa Ndani ya Kitabu cha Nyimbo

Kabla ya yote, Josephat Malimi, katekista wa kigango chetu na mdogo wa marehemu, ambaye ndiye anayewasomea historia hii, anaungama mbele ya Mungu na mbele yenu waombolezaji kwamba alimficha dada yake barua, na barua yenyewe hii hapa mkononi.

Marehemu Paskazia Malimi alizaliwa Misungwi tarehe 9 Machi 1957, akasoma hukohuko hadi darasa la saba mwaka 1972, na mwaka 1976 akaajiriwa katika kiwanda cha kuchambua pamba wilayani Magu, mpaka alipopunguzwa kazini pamoja na wenzake mwaka 1994, soko huria lilipoingia. Tarehe 12 Julai 1980 alifunga ndoa takatifu na Venant Chenge, wakajaliwa watoto wawili, Hellen na Nathaniel.

Baada ya kupunguzwa walihamia hapa Kiseke wakaanza kuuza dagaa, na tarehe 3 Juni 1995 mtumbwi ulipinduka wakitoka Ukerewe, Paskazia akaokolewa, Venant hajaonekana hata leo. Tangu siku ile marehemu hakuweza kulitazama ziwa, akipita ufukweni alijifunika kanga upande mmoja wa uso, na bado alitamani mno kulitazama, maana mumewe hana kaburi jingine.

Mwaka 1996 walikuja watafiti wakiongozwa na Daktari Nusrat, wakichunguza tiba ya waliojeruhiwa moyoni na ajali, ambapo mgonjwa anakumbuka yaliyompata huku macho yake yakifuata kidole cha daktari, kushoto na kulia. Ilipigwa kura, nusu wakatibiwa mara moja, nusu wakasubiri miezi mitatu ili walinganishwe, na Paskazia akaangukia kundi la kusubiri. Barua zilipitia sanduku la posta la parokia, hivyo kila Jumapili alimuuliza Josephat, "Mdogo wangu, bado tu?" naye akajibu, "Bado, dada," na kumbe barua ya kumwita ilishafika tangu tarehe 21 Oktoba. Josephat aliona kidole mbele ya macho ni uganga, akaichomeka ndani ya kitabu cha nyimbo, akaanza novena, sala za siku tisa, kumwombea. Januari 1997 watafiti wakaondoka.

Agosti mwaka huu wa 1999, figo zikiwa zimemlaza, Josephat alimsomea ile barua. Marehemu akasema, "Kumbe uliogopa kidole? Haya, sogeza chako." Akasogeza, hajui hata mwendo wake, dada akakifuata mara tano au sita, akasema kinanuka ugoro, akafumba macho. Hakuliona ziwa hadi mwisho. Alifariki juzi, tarehe 7 Septemba, saa nne asubuhi.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, majirani mliotuchotea maji, na kina mama wa dagaa mliofunga meza zenu leo. Dada Paskazia, pumzika, Mungu akukutanishe na Venant wako.

Nanyi mtakaobeba jeneza, njia ya makaburini inapita ufukweni, Josephat anawaomba mkifika pale msimame kidogo.