Nani Kaondoka Mwavuli Mmoja

Benchi letu nimelichomelea mwenyewe kwa mabaki ya geti, kwa hiyo anayesema linayumba aje aniambie usoni. Haliyumbi. Sakafu ya baraza ndiyo mbovu. Liko mbele ya kibanda cha Kinyozi, mkono huu karakana yangu, mkono ule jiko la mkaa la Shangazi anayetuuzia kahawa. Mimi wananiita Cheche. Wanadai ni kwa sababu ya kazi ya kuchomelea, lakini namna wanavyolitamka jina hilo nikishapandisha hasira, najua wanachomaanisha. Kazi yangu sikufundishwa na mtu, niliungua mpaka nikaijua, na mambo yangu ni ya wazi: kitu kikipinda nasema kimepinda. Asubuhi hiyo kilichopinda kilikuwa uso wa Kinyozi.

— Leo anakuja mtu kuangalia kiti, akasema, bila kumtazama yeyote.

Hatukuuliza kiti gani. Kibandani kuna viti viwili vya kuzunguka. Kimoja chake. Kingine kimefunikwa shuka tangu mdogo wake aondoke. Ndugu wale walinyoa bega kwa bega mpaka siku Kinyozi alipompokonya mdogo wake mashine mbele ya mteja, akamalizia kichwa mwenyewe, akisema hivi ndivyo inavyofanywa. Mdogo hakubishana. Alisema tugawane tu. Wakamwita Jaji, huyu huyu wa kwenye benchi letu, aliyekuwa tarishi wa mahakama mpaka akastaafu na bado anatoa hukumu kila asubuhi. Wakagawana nusu kwa nusu mbele yake, mashine kwa mashine, chanuo kwa chanuo, hata spika za ukutani. Kiti tu ndicho Mdogo alichokiacha, kwa kuwa hakikuingia mlangoni kwake kule nyuma ya soko. Toka siku hiyo hawajasalimiana.

— Umpangishe mtu kiti cha mdogo wako? Shangazi aliuliza. Yeye ni shangazi yao wa damu, na aliapa hakanyagi kwa yeyote kati yao kwa mapenzi mpaka wapatane. Kwa Kinyozi anakaa kwa sababu jiko lake lilikuwepo kabla ya kibanda.

— Kiti kinakula nafasi, shangazi.

— Uongo, nikasema. Jana hukuwa na shida ya nafasi. Umesikiliza ule wimbo tena.

Kinyozi akaanza kukung'uta kitambaa kisicho na nywele. Basi nikajua nimegonga penyewe.

Niwaeleze huo wimbo, maana bila huo hamtaelewa kwa nini watu wazima tuligombana mpaka kahawa ikapoa. Kuna waimbaji wawili wanaoitwa Mwavuli Mmoja, dada na kaka, ingawa Antena anasema si ndugu, walikutana tu kwenye duka la dobi. Antena ni jirani yetu, fundi wa miavuli na saa mbovu, anayenasa habari zote na kuzirusha zikiwa zimevimba. Wale wawili walikuwa wanapiga pasi mashati ya watu meza moja, wakaanza kuimba ili mvuke usiwalaze. Wimbo wao wa kwanza walijirekodia ndani ya kabati la nguo, wamejibana na blanketi mlangoni, kipaza sauti kimoja katikati yao. Ukisikiliza vizuri, mwishoni unasikia hanga linaanguka na dada anacheka. Hawakulifuta lile hanga. Kwa hilo tu niliwapenda. Mtu asiyeficha hanga lililoanguka hawezi kukudanganya.

Mdogo ndiye aliyewaleta kwenye benchi. Alikuja nao kwenye flashi, akaichomeka redioni, na Kinyozi akafoka: zima takataka hiyo, wateja wanataka habari! Haukupita muda tukamwona Kinyozi mwenyewe ananyoa kwa kufuata mdundo. Mteja mmoja alitoka upande wa kulia umekaa vizuri na wa kushoto umefuata kiitikio. Tangu hapo tulizijua nyimbo zao zote, ule wa bomba linalovuja, ule wa soksi iliyobaki peke yake, na ule waliouimba jukwaani umeme ulipokatika, watu wakawaunga mkono kwa kuimba nao gizani. Bwana mkubwa mmoja akataka kuwanunulia wachezaji na mavazi ya kumetameta. Wakamjibu hawana nafasi, kabati ni dogo.

Mdogo akaondoka. Nyimbo zikabaki. Kisha Antena akatuletea wimbo mpya.

— Siku hizi wametoka kabatini, akatangaza siku hiyo akituletea flashi. Wana chumba, wana meza, kila mmoja na kipaza sauti chake!

Tukaweka. Na hapo ndipo shida ilipoanzia, kwa sababu kaka hayumo.

Asubuhi hiyo ya kiti, Kinyozi aliuweka tena. Spika ikakohoa, gitaa likaingia, na dada akaimba kwa ile sauti yake kama anaongea na mtu wa chumba cha pili:

— Umekula?

Kisha kimya. Gitaa tu.

— Umefunga mlango?

Kimya.

— Utarudi lini?

Kimya, kimya kirefu mpaka unataka kujibu wewe.

— Mnasikia? Kinyozi akasema. Anauliza, hajibiwi.

— Kaka kaoa, akasema Antena. Wakwe hawataki mwimbaji. Wamemwambia chagua, ndoa au Mwavuli.

— Nani kakwambia?

— Nimesikia.

— Umesikia wapi? nikauliza, damu imeanza kuchemka. Taja mtu!

— Cheche, habari haina mtu. Habari ni hewa.

— Hewa ndiyo iliyojaa kichwani mwako!

Jaji akainua kikombe, ishara kwamba baraza limefunguliwa.

— Jambo hili ni la kisheria, akasema. Kijana yumo chumbani. Kaka yumo, amekaa mezani, kipaza sauti kipo mbele yake. Ila kuna amri asifungue kinywa. Ule ukimya tunaousikia si ukimya mtupu. Ni yeye, anatii.

— Ati nini, mzee?

— Sikiliza vizuri. Unamsikia anavyotii.

Tukasikiliza. Naona aibu kusema, lakini kwa muda kidogo nilimsikia kweli.

— Acheni hizo, Shangazi akaingilia huku akichochea mkaa. Huyo kaka hakuwahi kuwepo. Ni binti mmoja tu. Sauti ya kiume alikuwa anaingiza kichwa kwenye ndoo.

— Shangazi! Kabati, hanga, mashati ya dobi?

— Ndoo inaingia kabatini. Kwani ninyi mlishawahi kumwona?

— Mimi nina habari kamili, Antena akasema, na akavuta benchi karibu kana kwamba benchi langu ni kigoda. Kaka kauza sauti.

— Kauza nini?

— Sauti. Kwa watu wa lifti. Ile inayosema mlango unafungwa, ghorofa ya pili, mlango unafunguliwa. Ndiye yeye! Na mkataba unasema sauti hiyo isisikike popote pengine. Akitaka hata kumsalimia mama yake, aandike.

— Na dada?

— Dada anapanda lifti kila siku. Juu, chini, juu, chini. Amsikilize.

Mimi nilitaka kucheka na kumpiga kwa wakati mmoja, na sikujua nianze na lipi. Lakini Kinyozi hakucheka. Alikuwa amesimama mlangoni, kitambaa begani, anaangalia lile shuka juu ya kiti.

— Semeni mnavyotaka, akasema. Mimi najua. Hakuna mkataba wala wakwe. Dada alimkosea mbele za watu. Jambo dogo tu, la kikazi. Sasa anauliza umekula, umefunga mlango, anauliza vizuri kabisa, na mwenzake hataki kujibu. Na kama wale wameshindwana, waliobanana kabati moja, sisi wengine ni nani? Anayekuja leo nitampa kiti. Yameisha.

Shangazi akaacha kuchochea mkaa.

— Wewe ulishamuuliza mdogo wako kama amekula? nikamwambia. Nilisema kwa ukali kuliko nilivyokusudia, ndivyo nilivyo.

— Nimuulize ili anijibu kama huyu? Akaonyesha spika kwa kidole.

Nikadai kahawa nyingine. Shangazi akatikisa birika. Kilichobaki kilikuwa cha kikombe kimoja, akasema, na hampi mtu mwenye kelele.

Ndipo akaja mgeni. Alikuwa mwanamke wa makamo, msusi, begani mkoba wenye machanuo yanayochungulia. Akatusalimia kwa heshima, tukaitikia kwa pamoja kama watoto wa shule.

— Nimekuja kwa ajili ya kiti, akasema. Nimeelekezwa kwa Kinyozi.

— Karibu, dada. Ni hicho.

Akaingia, akakunjua shuka nusu, akakisukuma kiti. Kikazunguka bila kelele, kwa sababu Kinyozi amekuwa akikitia mafuta kila wiki, jambo ambalo hakuwahi kutuambia. Spika ikarudia wimbo. Umekula? Kimya. Yule msusi akainua kichwa.

— Haa, akasema. Kumbe na dada yake yupo!

— Yupo yupi? akauliza Antena.

— Wimbo huu naujua sana. Kwa sasa nasukia kwenye kibaraza cha kijana mmoja, kinyozi, nyuma ya soko, lakini jua linanichoma, ndiyo maana natafuta pa ndani. Yule anauweka kutwa nzima. Ila kule anaimba kaka peke yake. Kinanda kidogo, kimya, halafu: nimekula. Kimya. Nimefunga. Kimya tena, halafu: nikiitwa. Watu wamekaa pale kwenye magogo wanabishana mpaka wanatupiana vikombe, dada kaenda wapi. Yule kijana mwenyewe anasema dada kamchoka mwenzake, hamuulizi tena, na huyu maskini anajibu asiyoulizwa.

Msusi alikuwa bado anatazama ukuta. Pale juu, upande huu wa kioo, spika yetu. Upande ule, msumari mtupu, na chini yake pembe nne za rangi safi ambapo vumbi halikufika.

— Samahani, akauliza, spika yenu ya pili iko wapi?

Antena akachunguza saa zake mbovu. Jaji, aliyesimamia mgao wote akasema umekuwa wa haki, akaangalia viatu vyake kana kwamba vimeandikwa kitu.

Mimi nilikuwa wa kwanza kufoka, kwa sababu ndimi niliyekuwa wa kwanza kuelewa.

— Pumbavu sisi! Vipaza sauti viwili! Kabatini walikuwa na kimoja, sauti zote zikatoka kote. Sasa kila mmoja anatoka kwenye spika yake. Dada mmemweka hapa, kaka mmempeleka nyuma ya soko!

— Sheria ilisema nusu kwa nusu, Jaji akanong'ona.

— Mzee, sheria yako imekata wimbo!

— Kwa hiyo hakuuza sauti? Antena akauliza, na nawaambia ukweli, alikuwa amehuzunika.

Kinyozi hakusikia lolote kati ya hayo. Alikuwa amepanda kwenye kiti, kile cha mdogo wake, anaitoa spika ukutani. Akashuka nayo ameipakata kifuani, vumbi limemjaa shatini.

— Dada, akamwambia msusi, nisamehe. Kiti kina mwenyewe.

— Nimeona, msusi akasema. Akalirudisha shuka, kisha akabadili mawazo, akaliondoa kabisa na kulikunja. Lakini kona ile hamna kitu, akasema. Nikija na kigoda changu?

— Njoo na kigoda chako.

Kinyozi akatoka. Shangazi akammiminia kile kikombe cha mwisho, akakifunika kisosi.

— Mpelekee. Usianze na maelezo, mwanangu. Unajua la kuuliza.

— Nitashika vipi, shangazi? Mikono imejaa.

Basi kikombe akakibeba Shangazi mwenyewe, yeye aliyeapa. Jaji akamfuata akisema lazima kuwe na shahidi. Antena akafuata kwa sababu ndiye Antena. Mimi nilibaki kufunga karakana, nikamwona Kinyozi anakata kona na spika yake, nyaya kaziacha, nimezishika mimi.

— Kinyozi! nikapiga kelele. Bila waya utaimba mwenyewe?

Nikawakimbilia.

Kibanda cha nyuma ya soko ni kidogo, kweli kiti kisingeingia. Mdogo alikuwa na mteja, mashine i kichwani. Watu wa kwenye magogo wakasogea kutupisha. Kinyozi akasimama kizingitini, amekumbatia spika kama mtu aliyeokota mtoto wa watu na sasa amefika kwa wenyewe. Maneno yote aliyokuwa nayo njiani, maana nilimsikia akiyapanga, yakamkimbia.

— Umekula? akasema.

Mdogo akazima mashine. Mteja wake, nusu kichwa kimenyolewa, akageuka kutazama naye.

Kaka wa Mwavuli Mmoja angejibu amekula. Tungemsikia kwa mara ya kwanza katika wimbo huu, sauti nzito, kinanda kidogo nyuma yake. Lakini yule hakuwa kaka wa Mwavuli Mmoja.

— Bado, kaka, akasema Mdogo.

Halafu akaitua spika chini, akampa kaka yake mashine, amalizie kile kichwa, akaja kuchukua waya mikononi mwangu.