Tulimwacha Rakeli Aseme Peke Yake

Mheshimiwa Mchungaji, mwenye nyumba hii ya Mungu iliyotupokea mchana huu, Mheshimiwa Mzee Gakunzi, Mwenyekiti wa jumuiya yetu ya Wakongo wa Columbus, ndugu wajumbe mliotoka Louisville na ninyi mliotoka Buffalo kuja kumchukua dada yetu, Sajenti mstaafu Fintan Kehoe, Mama Marita, na wewe Rakeli, ambaye kwa ajili yako tumevaa vizuri na kupika sana:

Niliombwa niseme maneno ya kumuaga Rakeli, kwa kuwa mimi, Hyacinthe, ndiye katibu, na kwa kuwa nilikuwa mwalimu kule Uvira na watu hudhani mwalimu hakosi maneno matamu. Bon, basi. Maneno matamu nitayaacha. Tutakula keki baadaye.

Wengi wenu mnajua kwamba Rakeli alikuwa mkalimani. Aliitwa hospitalini, shuleni, na mara nyingi kwenye polisi wa mji mmoja mdogo ulio pembeni mwa Columbus. Mnajua pia kwamba kazi ile ya polisi ilikwisha. Lakini ilikwishaje? Hapo ndipo kila mtu ana hadithi yake, na nyingi ya hadithi hizo ni uongo uliopikwa katika majiko yetu sisi wenyewe.

Oktoba ya mwaka 2014, Mama Marita alitoka kazini, pale ghalani anapofungia maboksi, akaenda kuvuka barabara afike kituo cha basi. Alingoja taa. Taa ilipomruhusu, akavuka. Gari la polisi likapinda kulia bila king'ora, bila kusimama, likamgonga. Nyonga ikavunjika. Kesho yake afisa alikwenda kuchukua maelezo yake hospitalini, na Rakeli akaitwa kutafsiri. Mama Marita alisema maneno haya, na nitayasema kama alivyoyasema: "Nilingojea ule mutu mweupe wa ku taa aonekane, njo nikavuka." Sote tunamjua mtu huyo mweupe wa kwenye taa, yule anayeonyesha kwamba sasa unaweza kupita. Rakeli akatafsiri vile vile.

Baada ya wiki mbili afisa alirudi na karatasi iliyopigwa chapa ili mama atie sahihi. Rakeli akaanza kumsomea. Karatasi ilisema: "Niliona taa inanikataza, lakini nilivuka kwa sababu nilikuwa ninakimbilia basi."

Rakeli akaishusha karatasi. Kisha akamuuliza, "Mama, ulisema hivi?"

"Hapana, mwanangu. Basi lilikuwa bado kufika. Nikimbilie nini?"

Afisa akasema, "Mwambie atie sahihi tu. Ni jambo la kawaida."

Rakeli akamjibu, "Nilikula kiapo kutafsiri kilichosemwa. Hiki hakikusemwa."

Ndugu zangu, mnaelewa aliyekuwa akijibiwa ni nani? Mtu mwenye bastola kiunoni, na ndiye aliyekuwa akimpa kazi. Rakeli alirudi nyumbani, akaandika barua kwa kitengo kinachochunguza polisi, akaweka jina lake chini. Polisi wakajibu kwamba hakuna aliyebadilisha chochote, ila mkalimani ndiye aliyekosea Kiswahili. Rakeli, aliyezaliwa ndani ya Kiswahili, alikosea Kiswahili! Simu yake ikaacha kulia.

Na sisi je? Tulimiminika nyumbani kwake kumpa pole? Tulimsindikiza hata siku moja?

Tuliitisha kikao. Wanaume watano, chai na maandazi. Tukasema: tumefika juzi, tunaomba uraia, polisi wamewaletea watoto wetu mipira na jezi, kwa nini dada huyu anatutilia mchanga katika ugali? Mtu mmoja alimwita msaliti. Mimi ndiye niliyekuwa nikiandika muhtasari, nikaliandika neno hilo kwa mwandiko mzuri. Donc, kwa hiyo, msinitazame kama mtu aliyekuwa mbali.

Mimi na Mzee Gakunzi ndio tuliotumwa kwenda kumwambia aiondoe barua. Mzee ameniruhusu kulisema hili mbele yenu, na namheshimu kwa hilo. Rakeli alitukaribisha vizuri. Alitusikiliza mpaka mwisho, kisha akaniuliza, "Mwalimu, karatasi ile ingekuwa ya mama yako mzazi, ungenishauri nisome namna gani?"

Nikamwambia, "Dada, hapa si Kongo. Hapa wana sheria zao."

Akasema, "Ndiyo sababu nimeandika barua."

Tuliondoka tumekasirika. Tulikasirika kwa sababu tulijua amesema kweli! Kila mmoja hapa anakumbuka kizuizi fulani barabarani, askari fulani, karatasi fulani iliyosema ulifanya jambo usilolifanya. Tuliacha ng'ombe na makaburi ya wazee wetu kwa sababu ya watu wa namna hiyo. Kisha mmoja wetu akakataa kuusoma uongo huo kwa sauti yake, nasi tukamwona yeye ndiye tatizo. Jumapili zile alikaa kwenye benchi lake peke yake, katika kanisa hili hili. Mliokuwa mkisogea pembeni mnajijua.

Aliyekwenda kumsaidia hakuwa wa kabila letu wala wa bara letu. Ni Sajenti Kehoe, mzaliwa wa Ireland, aliyekuwa polisi kwao miaka kumi kabla ya kuoa, kuhamia hapa na kujiunga na polisi wa mji ule ule. Februari 2015 alikwenda mbele ya wachunguzi, akawaambia kwamba maelezo ya hospitalini yalirekodiwa, akawatajia na namba ya rekodi. Jana nilimuuliza kwa nini alifanya vile. Alinieleza kwamba kwao, katika kituo kidogo cha mashambani, polisi mwenzake aliripoti kuwa maelezo ya mahabusu yamebadilishwa. Tangu siku hiyo mwenzake yule alikula peke yake. Hata mjini watu walimpa kisogo, maana kule, tangu enzi za kutawaliwa na Waingereza, mtu anayepeleka habari za wenzake ana jina linalonuka.

"Ulimtesa nawe?" nikamuuliza.

"Hapana," akasema. "Nilihamisha sahani yangu tu."

Akaniambia kwamba siku hizi magazeti ya kwao yanawaita watu kama hao mashujaa. Lakini mwenzake hakuishi na magazeti. Aliishi na majirani.

Wachunguzi waliisikiliza rekodi. Wakaleta mkalimani mwingine, naye akasikia alichosikia Rakeli, neno kwa neno. Mwezi Mei, ripoti ya polisi ilisahihishwa, jina la Mama Marita likasafishwa. Na afisa aliyebadilisha maneno ya mama aliyelala kitandani amevunjika nyonga? Alisimamishwa siku kumi. Siku kumi, ndugu zangu, kisha akarudi barabarani. Sajenti Kehoe alihamishiwa kwenye chumba cha mafaili mpaka alipochoka, akastaafu mapema. Rakeli hakuitwa tena hata mara moja. Mwaka mzima amefunga maboksi katika ghala lile lile la Mama Marita. Aliyedanganya ana kazi yake, na waliosema kweli ndio waliotafutiwa mlango. Nani kati yenu ataniambia kwamba hiyo ndiyo haki, nikae chini?

Sasa mahakama moja ya Buffalo imeona cheti chake cha ukalimani na imemwajiri. Ninyi wa Buffalo, mnapata mtu ambaye sisi hatukustahili kuwa naye.

Jumatatu nilikwenda kwake kumwomba msamaha. Nilikuwa nimeandika maneno yangu kwenye karatasi. Nilipoanza kusoma, akasema, "Mwalimu, shika kona ile, tushushe meza." Tukaishusha meza ngazi zote mbili, kisha vitanda, kisha kabati. Kama amenisamehe, hajaniambia. Sitamwuliza mara ya pili; hiyo ni haki yake.

Lakini kuna jambo jingine. Kati ya wageni wetu wa Louisville yumo mtu anayefanya kazi kiwandani huko Jeffersontown. Mwezi jana aliona polisi wakimpiga kijana aliyekuwa amekwisha kulala chini. Anataka kwenda kusema alichoona. Nyumbani wamemwambia anyamaze, na kamati yao imekwisha kukaa kikao. Ameniruhusu kusema haya bila kumtaja jina. Alhamisi hii, saa tatu asubuhi, ataingia ofisi ya wachunguzi wa polisi huko Louisville, nami nitakuwa kwenye kiti cha pembeni yake. Mama Marita, pamoja na fimbo yake, ameomba nafasi ya mbele kwenye gari nitakalokwenda nalo. Zimebaki nafasi tatu.

Mzee Gakunzi amenyoosha mkono. Zimebaki mbili.

Rakeli, nenda salama. Nanyi nyote, nawashukuru kwa kuvumilia kusikia mambo haya mbele ya wageni.