Zuurakan na Njia ya Kulizunguka Ziwa

Vuteni viti karibu na redio, wasikilizaji wapendwa. Punguzeni moto chini ya birika. Leo hatukuanza na wimbo, kwa sababu marehemu mwenyewe alikuwa akisema nyimbo za huzuni zinamtia usingizi. Leo tunamkumbuka Zuurakan binti Mambet, wa kijiji cha Tash-Bulak. Ndiye aliyefungua njia ya miguu inayolizunguka Ziwa Kashka-Köl.

Zuurakan hatunaye tena. Alifariki wiki iliyopita, asubuhi, nyumbani kwake. Moyo ulisimama. Alikuwa na umri wa miaka sitini na mmoja. Mumewe, mzee Jumagazy, yule mfuga nyuki mnayemjua, alituambia hivi: "Tulikunywa chai. Akanigombeza kwa sababu ya viatu vyangu vya matope. Kisha akajilaza kidogo. Nikadhani anapumzika. Ningepaswa kujua mapema, maana Zuura hakuwahi kupumzika."

Basi tuanze mwanzo.

Wengi wenu mmeipita njia ile. Mmepanda na shanta mgongoni, mmelala kwenye mahema ya wafugaji, mmelitazama ziwa kutoka juu, pale kwenye Tandiko, mgongo wa mlima uliobonyea kama tandiko la farasi. Pengine mlidhani njia ilichorwa na watu wa ofisini. La. Mguu wa kwanza kuiunganisha njia ile ulikuwa wa msichana wa miaka kumi na tisa, na alikuwa anakimbia.

Ilikuwa kiangazi. Zuurakan alikuwa mwanafunzi mjini, amerudi likizo. Alisimama kituo cha basi na mfuko wa vitabu. Gari likasimama, vijana wakashuka, wakamshika mikono na miguu. Mnajua mambo haya, wasikilizaji wapendwa, sina haja ya kuyafumba. Kijana mmoja wa Jangy-Jer, kijiji cha ng'ambo ya ziwa, alikuwa amemwona harusini mara moja tu. Jina lake Temirkan. Alimwona mara moja, akakata shauri kwamba huyu ndiye mke. Yeye Zuurakan hakuulizwa.

Walimfikisha Jangy-Jer jua likiwa juu. Wakamkalisha nyuma ya pazia. Mama wa Temirkan, Mama Batma, akamfunika kichwani kitambaa cheupe cha bibi harusi kwa mikono yake mwenyewe. Zuurakan akakivua. Akafunikwa tena, akakivua tena. Shangazi wakaanza kumbembeleza.

"Lia, mwanangu, lia tu. Sote tulilia."

"Silii," akasema Zuurakan. "Nataka viatu vyangu."

"Viatu vya nini? Umeshafika kwako."

Vijana walikuwa nyuma ya nyumba wanachinja kondoo wa harusi. Mlangoni alikuwepo mama mkwe wa Batma, bibi mzee kabisa, amejilaza juu ya kizingiti. Ndiyo ilikuwa kufuli ya zamani. Nani angethubutu kumruka mwanamke mzee?

"Ukinivuka," bibi akasema, "hutazaa, na mvi zako hazitaheshimiwa."

Zuurakan alisimama akamtazama. Baadaye alikuwa akisimulia kwamba hapo ndipo alipoogopa kweli, si kwenye gari. Alikuwa amelelewa kuheshimu wazee. Lakini akajikaza, akainama, akamwambia kwa adabu, "Bibi yangu, nisamehe. Sakafu ina baridi, usilale hapo." Kisha akamruka.

Alitoka bila viatu. Barabara ilikuwa moja tu, ya kandokando ya maji, na alijua watamfuata huko. Kwa hiyo akapanda. Alipita katikati ya misonobari, akapanda kwenye nyasi, akapanda kwenye mawe. Mama mmoja mfugaji, aliyekuwa akikamua farasi mbele ya hema lake la sufu, alimwona anakuja na miguu inavuja damu. Hakumuuliza chochote. Alimpa mkate, akampa bakuli la maziwa ya farasi yaliyochachuka, akamfunga miguu, akampa viatu vya mwanawe. Kesho yake Zuurakan akavuka Tandiko, akazunguka kichwa cha ziwa kwa njia za kondoo, akateremka Tash-Bulak.

Nyumbani mama yake alipiga yowe. "Ole wangu! Msichana aliyekwisha kuingia kwa watu! Maji yakimwagika hayazoleki!"

Baba yake, Mambet, fundi wa kuvisha farasi viatu, alikuwa ameshika ukwato wa farasi wa jirani. Aliuweka chini. Akauliza, "Umekula?"

"Nimekula, baba."

Basi Mambet akawageukia majirani waliojaa uani, akasema, "Mmemwona. Ni mzima. Nendeni makwenu."

Lakini vijiji, wasikilizaji wapendwa, haviendi makwao upesi hivyo. Jangy-Jer walisema wameaibishwa. Tash-Bulak walisema wametukanwa. Mifugo ya huku ikakatazwa malisho ya kule, na ya kule ikakatazwa huku. Watu hawakuoana tena. Njia za juu zikaota nyasi. Kila mtu alilaumu, na lawama zote zilimwangukia mmoja. Walimpachika jina: Mkimbia Harusi.

Jina hilo alilifanyia nini? Alilivaa! Alimaliza masomo, akawa mwalimu wa michezo katika shule yetu. Wanafunzi wake wakashinda mbio za wilaya nzima. Mzazi mmoja alipomchokoza, "Mwalimu, mbio ulijifunzia wapi?" alijibu bila kupepesa macho, "Jangy-Jer. Walimu wazuri sana. Walinifuata na farasi na hawakunipata." Hiyo ndiyo ilikuwa hadithi yake na fahari yake. Farasi hawakumpata.

Alipofika miaka ishirini na sita alimkubali Jumagazy. Jumagazy mwenyewe anasimulia: "Nilimpelekea asali. Akaniuliza, 'Umekuja na nani?' Nikasema peke yangu. Akasema, 'Na gari liko wapi?' Nikasema nimekuja na punda. Akacheka mpaka akakaa chini. Nikajua hapo nimepata." Walimzaa binti mmoja, Aizirek. Laana ya kizingitini haikushika.

Sasa, wageni wenye shanta walipoanza kufika kwetu, walikuwa wanafika ufukweni, wanapiga picha, wanaondoka. Zuurakan akasema ziwa hili halionekani ukiwa chini. Akaanza kuzifufua njia za wafugaji, kipande kwa kipande. Alipaka mawe alama nyekundu na nyeupe. Alibeba magogo ya kuvukia vijito. Wanaume walisimama kumtazama, kisha wakaona haya, wakashika mashoka. Upande wa kusini ukaisha, na wa mashariki, na wa magharibi. Ukabaki wa kaskazini tu, malisho ya Jangy-Jer. Bila upande huo hakuna kuzunguka. Ni kwenda na kurudi ulikotoka.

Kamati ya malisho ya Jangy-Jer ikakataa. Alituma watu, wakakataliwa. Mwenyekiti wa kamati alikuwa Temirkan.

"Nikamwambia mama aache," anasema Aizirek. "Robo tatu ya njia inatosha. Akaniambia, 'Mwanangu, hata kofia haishonwi robo tatu.' Akavaa gauni zuri, akachukua mkate, tukaenda."

Sikilizeni sasa, kwa maana Aizirek alikuwepo, na alituhadithia neno kwa neno.

Nyumba ilikuwa ile ile. Mama Batma alikuwa mzee sasa, ameketi uani anachambua sufu. Alimtambua mara moja.

"Umechelewa kwa chai," akasema. "Miaka ishirini na nane."

"Safari hii nimekuja mwenyewe, mama. Ndiyo maana nimechelewa."

Batma akacheka hadi meno yake mawili yakaonekana. Akaamuru chai. Temirkan akatoka ndani, mtu mzima, tumbo mbele. Alipoona ni nani, uso ukamwiva.

"Sikuja kuomba msamaha," Zuurakan akasema, "na sikuja kuudai. Nimekuja kuomba njia. Tandiko mpaka chini hapa."

"Tafuta pengine," Temirkan akasema.

"Hakuna pengine. Mlima ni huu."

"Dada, wewe unaona njia. Mimi naona nini? Kila atakayepita ataambiwa, hapa ndipo mwanamke alipomkimbia Temirkan. Nitakuwa kichekesho cha dunia nzima!"

"Wamekucheka miaka yote," mama yake akasema. "Umekufa?"

Hapo Zuurakan, ambaye hakuweza kujizuia, akasema kwa fahari yake ile ile, "Si kosa lako kaka. Hata farasi walishindwa."

Batma akaacha sufu. "Farasi gani?"

"Walionifuata."

"Hakuna farasi aliyekufuata, mwanangu. Farasi wote waliteremka barabarani. Vijana walitoka kuchinja, mikono imejaa damu, wakaniuliza, amepita wapi? Nami nilikuwa nakuona, uko kule juu kwenye miti, gauni la buluu. Nikawaambia, barabarani! Kimbieni, ameteremka barabarani!"

Zuurakan alishika bakuli la chai, chai ikapoa.

"Lakini kitambaa ulinifunga wewe," hatimaye akasema.

"Nilikufunga. Kama nilivyofungwa mimi, nina miaka kumi na saba, na sikuwahi kukivua. Wewe ulikivua mbele yangu. Nikatamani nione mmoja anafika kwao."

"Mama?" Temirkan alikuwa amesimama kama mti. "Ni wewe?"

"Ni mimi. Na ungekuwa na akili ungenishukuru. Mke uliye naye alikuja kwa miguu yake."

Zuurakan akafuta macho kwa kiganja. Akasema, "Mama Batma, umeniharibia hadithi yangu."

"Haijaharibika. Miguu ilikuwa yako."

Temirkan alitembea mpaka kwenye zizi, akarudi. Akasema bila kumtazama mgeni, "Njia ipite." Kisha akaongeza kwa sauti ndogo, "Watu wapite uani hapa. Wanywe chai. Kama ni kusimuliwa, nisimuliwe nikiwepo."

Kiangazi kile mzunguko ukakamilika. Watu wa vijiji viwili walipanda Tandiko kutoka pande mbili. Mama Batma alipandishwa juu ya farasi mpole. Alikuwa ameishi maisha yake yote kando ya Kashka-Köl, na alikuwa hajawahi kuliona lote kwa mtazamo mmoja. Alikaa juu ya tandiko akilitazama. "Kumbe ni dogo," akasema. Alifariki miaka michache baadaye. Mungu amrehemu.

Tangu hapo njia imelisha watu wa pande zote mbili. Mkate wa Jangy-Jer unaliwa na wageni, asali ya Tash-Bulak pia. Binti wa Temirkan, Begaiym, alifundishwa na Zuurakan kuongoza watembeaji. Watu waliuliza, basi amemsamehe? Zuurakan alijibu hivi, na ninayarudia maneno yake kama alivyoyasema: "Namsalimia. Nakula kwake. Mengine ni kati yake na Mungu."

Bado jambo moja, wasikilizaji wapendwa. Miaka miwili iliyopita, katika bonde la jirani, msichana alichukuliwa. Sitamtaja jina. Zuurakan alipata habari, akapanda farasi pamoja na Begaiym. Alifika kwenye nyumba ile wakati sherehe inaanza. Baba mwenye nyumba akamzuia.

"Mama, haya ni mambo ya familia."

"Ndiyo. Ndiyo maana nauliza, familia yake imeambiwa?"

"Ameridhika. Ameketi kimya."

Zuurakan akafungua shanta, akatoa jozi ya viatu vya kupandia mlima. Akaviweka katikati ya kitambaa cha chakula, juu ya mikate, mbele ya wageni wote. Akapaza sauti kuelekea pazia, "Mwanangu! Unavaa namba gani? Kama havikutoshi, nimeleta vingine."

Hakuna aliyesogea. Kisha pazia likafunguka.

Msichana yule leo yuko chuoni. Alikuja mazishini. Alisimama pamoja na wanawake ndani ya hema, akaomboleza hadi sauti ikamkauka. Watu wa Jangy-Jer nao walikuja, na barabara ilikuwa nzuri, magari yalikuwepo, lakini walikuja kwa kupitia Tandiko, kwa miguu, wazee kwa vijana. Temirkan alisimama mwisho wa mstari wa wanaume, ameegemea fimbo. Hakujisogeza mbele.

Kwa mzee Jumagazy, kwa Aizirek, kwa ndugu na wanafunzi wote wa Mwalimu Zuurakan: poleni. Poleni sana. Redio yenu inalia pamoja nanyi. Udongo uwe mwepesi juu yake.

Nanyi mlioko mezani, mnaonisikiliza. Huenda kuna mtu anasherehekea leo. Huenda kuna nyumba yenye pazia, na nyuma yake kuna binti, na mnaambiana ameridhika kwa sababu ameketi kimya. Zimeni redio. Nendeni mkamuulize.