Kelele, Aliyengoja Kicheko

Dada yetu mpendwa, ambaye baba alimpa jina la Kelele nalo likamganda, alizaliwa tarehe 9 Mei 1958, mtoto wa kwanza wa fundi baiskeli na mshona nguo. Nyumba ilikuwa vyumba viwili nyuma ya karakana. Hata kabla hajajua kusema vizuri aliigiza pampu na tairi linaloishiwa upepo, mpaka baba akawa anaacha kazi kwenda kutafuta tundu lisilokuwepo.

Alisoma karibu na nyumbani, kisha akaingia chuo cha muziki na kuhitimu mwaka 1981. Mwalimu wake wa utunzi alimwambia, "Binti, kipaji unacho, ila acha mzaha." Mzaha hakuuacha.

Alifundisha muziki sekondari hadi alipostaafu, huku akitunga. Aliandikia vayolini nne na pampu ya baiskeli. Aliandikia okestra yenye tromboni, lile tarumbeta refu la kuvuta, inayopiga chafya. Lakini wasikilizaji walikuja na suti zao, wakakunja nyuso kama wako kwenye mtihani, wakapiga makofi kwa adabu. Jambo hilo lilimuuma sana. Kila baada ya onyesho aliniuliza, "Mdogo wangu, hivi hata mmoja hakucheka?" 

Mwaka 1986 aliolewa na fundi piano. Walikutana shuleni, fundi akiwa ameinamia piano mbovu, Kelele akamzuia: "Kaka, sauti hiyo moja iache ikohoe." Shemeji hakukosa onyesho hata moja, na yote aliyasikiliza kimya, akijiuma midomo.

Mapafu yalianza kumsumbua mwaka 2021. Tarehe 2 Agosti 2023 tulimpeleka ukumbini kwa kiti cha magurudumu akasikilize kazi yake ya mwisho. Pale penye huzuni kuliko pote, tromboni ikapiga chafya. Shemeji akashindwa kujizuia, akaangua kicheko. Ukumbi mzima ukamfuata, hata wapigaji wenyewe.

Kelele akamgeukia. "Kumbe kazi zangu zinachekesha?"

"Zinanichekesha tangu nikuoe. Nilidhani nikicheka utaumia."

"Mume wangu, umenitesa bure," akasema, naye akicheka mpaka machozi. Sote tulishusha pumzi.

Alifariki nyumbani, kwa utulivu, tarehe 19 Agosti. Tunalia, lakini mioyo yetu ni myepesi kuliko tulivyotarajia. Ameacha mume, watoto wawili, wajukuu watatu, nami mdogo wake ninayesoma haya.

Baada ya sala wanafunzi wake wataipiga kazi ile. Shemeji anaomba asijizuie mtu.

Apumzike kwa amani dada yetu; alichokuwa akikingoja alikisikia.