Araxie Keshishian na Chombo cha Gerejini Duluth

Na Winslow Tate, Idara ya Hakimiliki

Ijumaa hii, tarehe 30 Mei, Bi. Araxie Keshishian anastaafu baada ya kuitumikia Idara ya Hakimiliki ya Studio za Halvorsen, hapa Burbank, kwa miaka thelathini na mmoja. Wengi wenu mlimfahamu kwa sauti kabla ya sura, maana kicheko chake husikika hadi kwenye maegesho. Mimi nimekaa chumba cha jirani naye sehemu kubwa ya miaka hiyo. Ukuta wetu ni mwembamba, kwa hiyo nikisema nayajua mambo yake, niaminini tu.

Alianza kama mpokea simu. Wakati huo Orvane, mfululizo wetu wa safari za anga ambao umejenga nusu ya majengo haya, ulikuwa umeshaacha kurushwa, lakini mashabiki walikataa kuipokea habari hiyo. Wakawa wanajitengenezea filamu zao wenyewe kwenye magereji na mabohari, na hata nyuma ya duka la matairi kule Fresno, wamevaa sare zilizoshonwa na mama zao, wakiendeleza hadithi pale tulipoiachia. Sheria ilikuwa upande wetu. Orvane ni mali ya studio, kuanzia jina lake hadi umbo la chombo, na kazi ya idara ilikuwa kuwapelekea onyo la mawakili na kusubiri wanyamaze.

Araxie aliona huo ni ukosefu wa adabu. Alipopandishwa cheo kuwa msimamizi wa malalamiko akaweka utaratibu wake: onyo haliendi popote mpaka awe ameitazama filamu yote na kumpigia simu aliyeitengeneza. Na kweli alitazama kila kitu. Tulikuwa tukimsikia akigombana na kioo cha televisheni: "Sasa huyu mlango anaufunga wa nini, na wenzake bado wako nje?" Kisha ananyanyua simu. "Habari yako, mpenzi, hapa ni Halvorsen. Usizimie. Filamu yako nimeiona, yule adui mwenye bakuli kichwani kanifurahisha sana. Ila muziki ule ni wetu, utoe." Nao walitoa, na baadhi yao wakawa wanamtumia kadi kila Krismasi.

Si kwamba wote walimpenda. Kwenye maonyesho ya mashabiki Anaheim alizomewa na ukumbi mzima, na kuna waliochapisha beji yenye sura yake wakamwita Malkia wa Makatazo. Aliwaomba moja, akaivaa kazini wiki nzima. Kilichomkera ni kwamba pua walimchorea kubwa mno.

Lakini kisa kinachonifanya nimheshimu ni cha Duluth, Minnesota. Huko fundi bomba mmoja, Dwight Sandvik, na mkewe Inga, pamoja na marafiki zao, walijenga chumba cha usukani cha chombo chetu ndani ya gereji yao kwa mbao, mabomba na mifuniko ya sufuria. Inga ndiye aliyekuwa kapteni. Katikati ya kazi akaugua, akafariki. Wenzake waliapa kuimaliza filamu. Wakachangisha fedha mtandaoni, wakamwajiri mwigizaji wa kulipwa kuziba mapengo, na filamu ikakaribia saa mbili. Walipotangaza kwamba wataionyesha kwa kiingilio, mawakili wetu walipandwa na hasira, wakajiandaa kuiomba mahakama iamuru kila nakala ifutwe.

Araxie alimpigia Dwight simu kama kawaida yake, na jibu alilopewa alinisimulia siku hiyohiyo. "Mama, ninyi mle ndani mnaona Orvane," Dwight alimwambia. "Mimi namwona mke wangu anaongea. Picha zake ninazo tele. Sauti yake iko humo tu."

Araxie alikwenda kumtetea kwa mkuu wetu wa wakati ule, Bw. Prescott Lyle. Bw. Lyle alimsikiliza, kisha akamweleza kwa upole kwamba wakimwachia huyu watatokea wengine wenye mifuko minene kuliko Dwight, na hapo mali itakuwa haina mwenyewe. Hakuwa amekosea, na Araxie alilijua hilo. Alirudi chumbani kwake akalia. Nilisikia, nami sikujua la kufanya isipokuwa kumpelekea kahawa.

Kisha ikatoka kalenda. Kila mwaka idara ya masoko huchapa kalenda rasmi ya Orvane, na mwaka ule mwezi wa Oktoba ulipambwa na picha safi sana ya chumba cha usukani. Simu ikalia kutoka Duluth. Dwight alikuwa anacheka hadi anakohoa. "Mama, Oktoba yenu ni gereji yangu! Tazama nyuma ya usukani, ndoo yangu ya rangi hiyo hapo!"

Ndivyo ilivyokuwa. Wenzetu wa masoko waliiokota picha mtandaoni wakadhani ni ya kwetu, kwa sababu ilipendeza kuliko za kwetu. Studio iliyokuwa mbioni kumshtaki mtu kwa kuchukua bila ruhusa ilikuwa nayo imechukua bila ruhusa, ikauza nchi nzima.

Dwight hakujua uzito wa alichokishika. Araxie alijua, na angeweza kucheka naye kidogo, akakata simu, akanyamaza. Badala yake alimwambia, kwa neno la mapenzi la Kiarmenia chao, "Dwight jan, usiniambie neno lingine. Tafuta wakili wako leo." Kisha akaingia kwa Bw. Lyle bila kubisha hodi, akaeleza alichofanya, na kumalizia: "Kama ni kunifukuza, nifukuze baada ya chakula cha mchana. Nimeleta lahmajun, ile mikate ya nyama."

Bw. Lyle aliliweka kando faili la Duluth. "Ile yenye pilipili?" akauliza.

Hakufukuzwa, na kesi haikufika mahakamani. Pande mbili zilikaa mezani, na hapo ndipo zilipozaliwa kanuni ambazo leo studio nyingine hutuulizia: filamu ya shabiki isizidi nusu saa, isiuzwe, asilipwe mtu, na itamke mwanzoni kabisa kwamba si kazi yetu. Araxie ndiye aliyeziandika, kwa maneno ambayo fundi bomba anayaelewa bila kumwita wakili.

Kanuni hizo zilimbana Dwight pia, na Araxie hakumpendelea. Alichukua likizo akaenda Duluth mwezi wa Januari, theluji ikiwa magotini, yeye ambaye hapa Burbank huvaa koti wingu likipita, wakakaa gerejini kuipunguza filamu. Mwigizaji wa kulipwa alitoka. Vita vya anga vilitoka, na vilikuwa vizuri. Dwight, aliyeigiza msaidizi wa kapteni, alijikata mwenyewe mpaka akabaki bega na kisogo. Inga hakupunguzwa hata neno. Filamu hiyo iko wazi kwa kila mtu hadi leo, na hatujaigusa tena.

Wapo mashabiki wanaolalamika kwamba nusu saa inawanyonga, na wana hoja. Araxie huwajibu kwa jeuri yake: "Niletee hiyo ya saa mbili, nikuonyeshe dakika tisini za watu wanaotembea kwenye korido." Halafu anakaa nao kutafuta cha kukata. Walioingia idarani baada yake wamejifunza kazi hivyo, kwa kumsikiliza akibishana na watu anaowapenda.

Kuanzia Jumatatu si mfanyakazi wetu tena, hivyo hafungwi na chochote. Kundi la Duluth linaanza filamu mpya mwezi wa Julai, na walimpigia kumwomba awe kapteni. Alikataa palepale. "Kapteni mnaye," akawaambia. "Mimi nipeni jiko." Kwa hiyo atakuwa mpishi wa chombo, na kiti cha Inga kitabaki kitupu. Kila atakayepita mbele yake atasimama na kupiga saluti, mpishi akiwa wa kwanza.

Asante, Araxie, kwa kutulindia mali yetu bila kutugeuza watu wabaya. Tutakukumbuka sana, mimi kuliko wote, maana ukuta huu utakuwa kimya. Tunakuombea afya, mapumziko marefu, na safari njema pamoja na wenzako.