Mexico na Alimbongo

Siku Maliro alipozikwa kule Alimbongo, mjane wake Kavuo aliapa kutogusa tena shamba lao la tumbaku. Mwezi wa tatu baada ya mazishi akapanda gari la abiria Butembo kwenda Beni, ili amwachie shemeji yake aishiye huko shamba hilo.

Kiti cha mbele yake, mchuuzi alimpa mzee aliyeketi naye sigara nene, nyeusi, iliyotoka Mexico. "Onja, papa, lakini hapana kuwasha, shofere atatushusha."

Mzee akang'ata kipande, akatafuna kama wafanyavyo wakulima wa tumbaku.

"Papa, haiko muwa! Ni ya kuvuta!"

"Acha niisikie. Eh! Iko na kakao ndani! Na pilipili!"

"Donc, basi, huku kwetu hapana kama hii."

"Unadanganya! Ya Maliro wa Alimbongo, Mungu amupumuzishe, inapita hii. Ile utamu inabakia ku ulimi mpaka jioni."

"Mais, lakini hii ni ya ng'ambo!"

"Na batu ba ng'ambo beko na ndimi ngapi?"

Kavuo aliposikia jina la mumewe aliinama mbele asikie zaidi. Hawakujua nani ameketi nyuma yao. Gari liliposimama Beni walikuwa bado wanabishana, na mzee anaomba kipande kingine.

Kavuo alimsalimu shemeji yake, akamwambia shamba halitoki tena mikononi mwake. Sasa analilima mwenyewe.